Koti la Njano Juu ya Lori la Chumvi

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema, ili wale mnaopenda kutafuta mchawi msipoteze muda wenu.

Wiki iliyopita mlituacha mwaloni Kibirizi, kando ya ziwa, Jumamosi ya Pasaka, mchana, watu wanne wenye matope mpaka kwenye kope. Mitumbwi yote ilikuwa imelala mchangani. Bi Tunu, mama anayeanika dagaa pale, akautazama uso wa Vestina, akautazama tena, akasema, "Ndayikunda? Huyo mmepishana naye njiani."

Vestina alikaa chini. Hakuanguka, msije mkasema namwongezea. Alikaa tu, kama mtu aliyefika kwenye kiti chake, ila kiti hakikuwepo.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki ile, au aliyefungiwa nalo maandazi kabla hajalisoma, mambo yako hivi. Vestina ni fundi cherehani wa Kibondo. Mwalimu Makarius anataka kumwoa, naye Vestina anamtaka Mwalimu. Lakini baba yake Vestina alikwishafariki, na kwa watu wa kwao binti haondoki mpaka isuka, yaani jembe jipya la mahari, lipokelewe na mwanamume wa ukoo. Wa kwanza kwa haki ni kaka wa tumbo moja. Kaka asipopatikana, anapokea baba mdogo.

Baba mdogo ni mzee Nsabimana wa Mabamba, na alikwishatoa neno. Jumatatu ya Pasaka, saa nane mchana, kaka asipoonekana, atapokea yeye. Tena angepokea jembe la Tharsisi, mgane mwenye ng'ombe kumi na saba. La mwalimu mwenye baiskeli hakulitaka hata kulitazama.

Kaka ni Ndayikunda, na ana miaka mitano anavua ziwani. Ndiyo sababu tukaja. Mzee tulimwambia tunakwenda kutembea wikiendi, marafiki, tuone maji na kula migebuka, wale samaki wa ziwani. Tulipakia ndizi, redio kaseti na mto mmoja wa kugombania. Chini ya kiti, ndani ya gunia, tuliweka jembe la Mwalimu.

Gari lilikuwa langu, Landrova kuukuu niliyoipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu hainyamazi na haikosolewi.

Sasa ujinga. Rafiki yetu Saady, mwenye duka la vitambaa Kasulu na shangazi Ujiji, alipotufuata Kibondo Jumatano tusafiri wote, alitwambia kwamba tumechagua siku mbaya. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, alisema. Mwezi ukiwa mpevu hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu na kila mtu anashika njia ya kwao. Idi tumeila majuzi, akasema, hesabuni wenyewe, mwezi unaelekea kumi na nne.

Nikamjibu kwamba sisi tunakwenda kutafuta mtu, hatuendi kuvua. Nilicheka peke yangu.

Sisi wa milimani Pasaka tunaijua kwa Kwaresima iliyotangulia na nyama inayofuata. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuinua kichwa akaona kwamba Pasaka kila mwaka huja na mwezi mpevu. Nina miaka thelathini na nne. Nimeuza mitumba, nimebeba magunia ya chumvi, nimeachwa na mke kwa barua ya mistari miwili. Na bado somo hilo nilikuja kulipata mwaloni, kwa mama wa dagaa.

Huo ni ujinga wa kwanza, na ndio mdogo.

Bi Tunu akamalizia habari huku anageuza dagaa wake kwa mkono. Ndayikunda alikuwa amesikia kwa dereva mmoja kwamba dada yake anaolewa baada ya Pasaka. Mwezi ulipokua akaomba ruhusa kwa tajiri wa mtumbwi, akatoka Alhamisi kwenda Kibondo kumtafuta. Saady akamuuliza alikwenda kwa usafiri gani.

"Lori la chumvi," alisema Bi Tunu. "Amekaa juu ya magunia, kavaa koti la mvua la njano, na ndoo ya bluu ya migebuka mikavu. Hamkuliona? Koti lile hata kipofu angeliona."

Wenzangu watatu wakasema hawakuliona. Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Nilikuwa nimevaa ndala.

Ijumaa Kuu, wakati wa kwenda, tulifika kwenye lile daraja la magogo kati ya Kibondo na Kasulu. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekula nusu ya madaraja ya mkoa, na lile lililobaki lilikuwa na magogo manne na imani. Desturi ya barabara yetu mnaijua: abiria wanashuka, wanavuka kwa miguu, gari linafuata tupu. Vestina akajifunika kitenge kichwani, akavuka na Mwalimu na Saady, mbio, vichwa chini, wakapotea kwenye kona mbele, wakijikinga mvua chini ya miti.

Upande wa pili kulikuwa na lori la chumvi limezama. Nikabaki kusubiri mpaka likakwamuka, likavuka, likasimama ubavuni mwangu. Mtu aliyekaa juu ya magunia, kofia ya koti la njano imemfunika mpaka puani, akaniinamia akaniuliza kwa adabu kama natoka Kibondo, na kama namjua Vestina fundi cherehani, anakaa mtaa gani.

Mimi, ndugu zangu, nikajiona mjanja. Nikasema moyoni, huyu ni mpelelezi wa mzee Nsabimana, ametumwa kuja kuhakikisha kama kweli tunatembea. Nikaamua kumpoteza, nimrudishe alikotoka.

"Umechelewa, mjomba," nilimwambia. "Vestina kashahamia Mabamba kwa baba yake mdogo. Wiki hii anapokelewa isuka. Wahi ukapate pombe."

Akanishukuru sana. Akaniombea safari njema.

Sasa mmejua ninyi. Wenzangu hawakujua, na mimi sikuwaambia. Pale mwaloni nilijiambia nitasema tukifika Mwandiga. Mwandiga tukapita. Nikajiambia nitasema tukipanda mlima.

Kabla hatujaondoka Vestina alisimama akalitazama ziwa kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Maji yalikuwa ya bluu mpaka yanauma macho, na ng'ambo milima ya Kongo imekaa kimya. Mwalimu akamuuliza kama ni zuri. Akasema ni zuri, twende. Ziwa lote lile, kilomita zote zile, lilipewa maneno matatu.

Mlimani Mama Mkwe alichemka mara mbili. Tulimpa maji ya kunywa tuliyobeba sisi wenyewe. Mara ya tatu tairi la nyuma likapasuka, na jeki ikazama kwenye udongo mwekundu kama kijiko kwenye ugali. Mwalimu akataka kuliweka jembe lake chini ya jeki. Vestina akasema jembe hilo halitaguswa na udongo mpaka liguswe na kaka yake. Tukatafuta jiwe.

Kasulu tulilala kwa mama yake Saady, Bi Zaitun, aliyetupa wali bila kuuliza swali, heshima ambayo sijaisahau. Asubuhi ya Jumapili tuliondoka wakati makanisa yanaimba aleluya. Katika gari letu hakuna aliyeimba. Redio kaseti ilikwishameza mkanda.

Kizuizini askari alizitazama karatasi za uraia za Vestina mbele na nyuma, akamtazama yeye, akazitazama tena. Amezaliwa hapa, na karatasi zinasema hivyo kwa muhuri, lakini kila safari anasimama pembeni ya barabara akiwa ameshikilia mkoba kwa mikono miwili. Niliwahi kumtania kwamba ana uso wa magendo. Siku ile sikutania.

Saady alikaa mbele nami. Baada ya kilomita nyingi akaniambia polepole kwamba nimeugua. Nikamuuliza kwa nini. Akasema tangu jana mchana sijamtania mtu, na yeye ananijua miaka tisa.

Nikamwambia ni uchovu. Haukuwa uongo mtupu.

Tulipofika daraja la magogo, wakashuka wote, wakavuka. Lori la chumvi halikuwepo. Kwenye matope palibaki migebuka miwili mikavu, imekanyagwa. Vestina akaokota mmoja, akaufuta kwa kitenge, akauweka kwenye mkoba. Ningepewa fimbo kumi pale pale ningeshukuru.

Jioni tukaingia Kibondo. Vestina alishuka kabla gari halijasimama, akakimbia mpaka kwenye chumba chake cha kupanga. Mama mwenye nyumba, Esteri, akasema hajafika mgeni yeyote, si wa koti la njano wala la rangi nyingine. Mwalimu akaenda kuuliza stendi. Lori la chumvi lilifika Jumamosi asubuhi, wakamwambia, likashusha, likaondoka.

Basi yuko wapi? Saady akasema huenda ameugua njiani. Mwalimu akasema huenda ameshikwa kizuizini, na hapo Vestina akaziba mdomo kwa mkono, maana hilo ndilo alilokuwa anaogopa siku nzima. Mwalimu akataka turudi kizuizini usiku ule ule.

Nilishindwa kuvumilia. Nikasema, "Labda amekwenda Mabamba."

Vestina akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kwa mengine.

"Umejuaje, Kipriani?"

"Nimekisia tu, dada."

"Kaka yangu hajafika Mabamba maisha yake yote. Baba mdogo alihamia kule yeye akiwa ziwani. Umekisiaje?"

Nikasema mtu akikosa njia huenda kwa mkubwa wa ukoo. Jibu zuri. Hata Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Vestina peke yake aliendelea kunitazama, muda mrefu, kama fundi anayetazama mshono ambao hakuushona yeye.

Jumatatu tulitoka mapema. Njia ya Mabamba ilikuwa uji. Tulisukuma, tukapanda, tukashuka, tukasukuma. Mwalimu alivaa shati lake jeupe la posa, na kufika saa nne halikuwa jeupe. Saady alipoteza kiatu kimoja, akakiacha, akasema kimepata kwao. Hata mimi nilikuwa nimechoka kuogopa. Nilijiambia tutafika kabla ya saa nane, kaka atamwona dada yake, dada atasema neno, na uongo wangu utazikwa bila matanga.

Saa sita na robo tukauona mji wa mzee Nsabimana.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni koti la njano. Lilikuwa limeanikwa juu ya ugo, mikono imetandazwa, linakauka juani bila haraka, kama nguo ya mtu aliyefika zamani.

Vestina alilia kwa furaha. Mwalimu akamshika bega. Saady akapiga honi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi watu walicheka ndani ya Mama Mkwe. Mimi nilikuwa nimeona kitu cha pili.

Kando ya ghala, limeegemezwa ukutani, palikuwa na jembe jipya. Mpini wake ulikuwa umefungwa jani la mgomba. Na kwa kina Vestina, jembe linafungwa jani likishapokelewa.

Mzee Nsabimana akatoka, anapiga makofi ya salamu, ameinama kwa heshima hata ukamwonea huruma. Mwakeye, mwakeye, akasema, karibuni watoto wangu, mmekuta shughuli imekwisha ila pombe bado ipo. Mtungi ulikuwa katikati ya ua na mirija yake. Pembeni ya mtungi alikaa Tharsisi, kofia mpya kichwani, akitazama miguu yake kama mtu mwenye haya ya kushinda.

Ndayikunda alisimama. Alikuwa mwembamba, mweusi wa jua la ziwani, na midomo yake ilikuwa ya Vestina kabisa. Alimkumbatia dada yake, wakashikana mikono mpaka mabegani kama wanavyosalimiana watu wa kwao, wakatikisana kwa muda mrefu.

Kisha akasema kwa furaha, "Nimewahi, dada yangu. Jana nimeipokea isuka yako kwa mikono miwili, mbele ya wazee. Huolewi kama yatima."

Vestina akamwachia polepole.

"Ya nani, musaza wanje, kaka yangu?"

Kaka akamwonyesha Tharsisi, akitabasamu. Halafu akaniona mimi. Akanyanyua mikono yote miwili.

"Huyu hapa," akawaambia wazee. "Ndiye huyu aliyenielekeza darajani. Aliniambia Vestina yuko Mabamba, isuka inapokelewa wiki hii, niwahi. Bila yeye ningepotea Kibondo. Mungu ambariki."

Nimetukanwa na mabaharia wa meli, nimetukanwa na mama mkwe wa kweli. Sijawahi kupigwa na kitu kama ile baraka.

Saady alifumba macho. Mwalimu Makarius alinitazama kama mtoto aliyenyang'anywa daftari na mwalimu mwenyewe. Vestina hakunitazama hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikasema ukweli wote, pale pale, nimesimama kwenye matope: kwamba nilimdhania mpelelezi, kwamba nilidanganya, kwamba binti hakuwahi kuhamia Mabamba, na mtu wake ni huyu mwenye shati chafu. Ndayikunda alinisikiliza huku uso wake ukishuka kidogo kidogo. Mwisho akamgeukia mzee. Akamkumbusha kwamba jana alimuuliza mara mbili kama dada yake ameridhia, na mzee akajibu kwamba ameridhia, ila amekwenda kutembea ziwani na marafiki kupumzika kabla ya harusi.

Mzee akauliza, kwani Vestina hakwenda kutembea ziwani? Wakati wa kumuaga sisi wenyewe tulisema vile.

Hapo ugomvi ukaanza, na ulikuwa ugomvi wa watu waliochoka, ule usio na kelele na usio na mwisho. Mwalimu akafungua gunia, akatoa jembe lake, akaliweka juu ya gunia mbele ya Ndayikunda. Mzee akasema tumbo moja halipokei isuka mbili kwa binti mmoja. Saady akasema kwa adabu kwamba kilichopatikana kwa uongo hakina baraka, hata kwenye dini yake hakina. Mzee akamjibu kwamba uongo umesemwa na rafiki yao, si na yeye. Yeye alipokea mgeni tu, akampa maji ya kunawa. Ndayikunda akaomba jembe lirudishwe. Tharsisi akasema kwa sauti ndogo kwamba ng'ombe wawili wamekwishafungwa nyuma ya nyumba na wazee wamekwishakunywa.

Mzee akafunga hoja. Alikuwa anaijua kazi yake.

"Isuka ikishapokelewa na kaka haijawahi kurudishwa tangu babu zetu wako ng'ambo ya mpaka," alisema. "Sikupokea mimi. Amepokea huyu, tumbo moja, kwa mikono miwili. Mlimtaka kaka, kaka amekuja. Sasa mnataka nini?"

Mwalimu mwenye vitabu vyake, Saady mwenye shangazi zake, mimi mwenye mdomo wangu, wote tukatazama mtungi. Ndayikunda alikaa chini, mikono yake miwili imelala magotini, akiitazama kama ya mtu mwingine.

Vestina akaenda kwenye ghala. Alitembea taratibu, kwa uchovu wa siku nne, matope yamemkauka mpaka magotini. Akachukua jembe la Tharsisi, akalifungua lile jani la mgomba, akalikunja vizuri kama kipande cha kitambaa, akaliweka juu ya mtungi. Kisha akarudi, akapiga magoti mbele ya kaka yake kama desturi inavyotaka, na akalilaza jembe kwenye mapaja ya kaka.

Mzee akamuuliza anafanya nini.

"Ulivyosema ni kweli, data wacu, baba yetu," alisema Vestina. "Isuka hairudishwi. Amepokea Ndayikunda, mbele ya mashahidi, kwa mikono miwili. Mimi sikupokea kitu. Basi Tharsisi amchukue Ndayikunda akamlimie."